Panya wa ghalani anakula mtaji wako

KWA mfanyabiashara wa nafaka, mwizi wa kuogopwa si yule anayevunja kufuli usiku. Ni panya, ambaye hasara yake haiandikwi kwenye daftari lolote.

Tufanye hesabu. Panya mmoja wa ghalani akila gramu 20 kwa siku, panya 50 wanakula kilo moja. Kwa mwaka ni kilo 365, yaani zaidi ya magunia matatu na nusu ya kilo 100. Hapo hatujahesabu magunia yaliyotobolewa, wala mzigo uliokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya mavi ya panya. Mkojo wake nao huweza kueneza homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022 na kuua watu.

Wengi wetu hukimbilia sumu. Nasema wazi kwamba sumu peke yake ni fedha ya kutupa. Panya shamba hubeba mimba siku 23 hivi, na kwa mkupuo mmoja aweza kuzaa watoto kumi au zaidi. Ukiua ishirini ukaacha tundu na chakula, wengine watahamia. Tena sumu ya kichupa kisicho na lebo, ikiwekwa karibu na chakula cha watu, ni hatari kuliko panya mwenyewe.

Anza na tundu. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye upenyo wa milimita sita tu. Ziba kwa saruji na wavu wa chuma, na piga bati chini ya mlango. Panga magunia juu ya chaga, uache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Fagia kila jioni. Mitego iwekwe kando ya ukuta, maana ndiyo njia yake.

Lakini maghala ya sokoni yanachangia kuta na paa. Ukitega peke yako, panya wa jirani watajaza nafasi. Wenye maghala wachange, wazibe na kutega siku moja.

Wapo watakaosema kuziba ni kazi ya mwenye nyumba. Sawa, mdai, au mkubaliane akate gharama kwenye kodi. Ila usimsubiri, kwani mahindi yanayoliwa ni yako.

Wakati mzuri ni ghala likiwa tupu, kabla ya mavuno mapya, kila tundu likionekana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.