Kazi Haianzii Getini

Soma matangazo ya kazi ya Kitale na Bungoma, yale ya kubandikwa kwenye nguzo za stima na yale ya magrupu ya WhatsApp. Anatafutwa afisa wa mikopo. Anatafutwa mtu wa kuuza mbegu na dawa za mifugo. Masharti: awe na diploma, awe mchapakazi, awe na pikipiki yake na leseni halali. Hilo la mwisho tunalipita haraka, maana ukiwa huna kazi kila sharti unaliona dogo. Mimi nataka tulisimamie kidogo. Mwajiri anayeandika "awe na pikipiki yake" anataka uje na chombo, ukitie mafuta, ukitengeneze kikiharibika, na siku kitakapomgonga mtu, kesi iwe yako peke yako.

Barabara ya kutoka Kitale hadi Bungoma ni kama kilomita 80. Unapita Kiminini, unateremka Kamukuywa, unakuja Misikhu hadi Webuye, halafu unashika barabara kuu ya Malaba na kupita Bukembe. Humo kuna malori, matrekta ya miwa yasiyo na taa za nyuma, mathree zinazokimbizana na raundi, watoto wa shule, na akina mama wanaouza parachichi hatua mbili kutoka kwenye lami. Alfajiri kuna ukungu. Saa moja jioni ni giza. Na hizo ndizo saa ambazo watu huenda kazini na kurudi.

Sasa tuchukue mfano. Jamaa ni afisa wa mikopo, anaishi Webuye, ofisi iko Kitale. Meneja anataka watu waripoti saa moja na nusu asubuhi. Jioni akitoka, kuna mteja wa Kiminini hajalipa, na bosi ameshatuma ujumbe mara tatu akiuliza pesa imefika wapi. Anampitia. Saa mbili usiku, akielekea nyumbani, anamgonga mzee anayevuka na baiskeli pale Misikhu. Mzee anavunjika mguu na nyonga. Je, huyu jamaa alikuwa kazini?

Kampuni itajibu kabla hujamaliza kuuliza. Alitoka ofisini saa kumi na moja. Pikipiki ni yake, logbook ina jina lake. Alikuwa anaenda kwake. Tunaipa familia pole.

Jibu hilo halikutungwa Kitale. Ni kanuni ya kisheria ya zamani kuliko Kenya yenyewe: mwajiri hulipia kosa la mfanyakazi likitokea ndani ya kazi, na safari ya kwenda au kutoka kazini kwa kawaida huwa nje. Mwaka 1834, jijini London, mtu mmoja aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na gari la farasi lililokuwa mikononi mwa watumishi wa mtu mwingine. Bosi akajitetea kwamba mtumishi alikuwa amechepuka kwenda kumwona rafiki. Katika kesi hiyo, Joel dhidi ya Morison, Jaji Parke akaweka mpaka: mtumishi akichepuka kidogo akiwa kwenye shughuli za bosi, bosi anawajibika; akiwa kwenye matembezi yake mwenyewe, bosi hahusiki. Waajiri wanapenda kuunukuu huo mpaka. Mwisho wa kesi hawautaji sana: aliyegongwa alishinda, akapewa fidia ya pauni 30. Gari la farasi lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana.

Huo ndio msingi uliobomolewa na lile sharti la pikipiki. Tangu miaka ya 1960, mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikianza na dhana moja: gari likisababisha ajali, linachukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka mwenye gari aonyeshe vinginevyo. Ni dhana nzuri kwa aliyegongwa, kwa sababu yeye hawezi kujua nani alimtuma nani. Lakini pikipiki ikiwa ya mfanyakazi, dhana hiyo haimgusi mwajiri hata kidogo. Mzee wa Misikhu sasa ndiye wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na mteja wa Kiminini, kwamba kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp, kwamba meneja alijua. Atathibitisha vipi akiwa kitandani wodini?

Angalia pia upande wa mfanyakazi. Tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA. Mfanyakazi akifa au akipata ulemavu kamili wa kudumu kwa sababu ya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96. Mtu wa shilingi 10,000 kwa mwezi, hizo ni 960,000. Mahakama ya Juu iliidhinisha mfumo huu tarehe 3 Desemba 2019, kwa hivyo madai yanaenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya kuanzia kortini. Kifungu cha 10 kina kipengele kizuri: ukisafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa chombo kilichotolewa na mwajiri, hiyo ni sehemu ya kazi.

Kipengele hicho kina nia njema, ila kimeacha shimo kubwa. Vibarua wa shamba la mahindi Trans Nzoia wakibebwa na trekta ya mwenye shamba na ipinduke, walikuwa kazini. Jirani yake anayewaambia vibarua wake "nikute mko shambani saa kumi na mbili, mtajua mmefikaje" hana hesabu hiyo. Hao watabanana watatu kwenye boda gizani, na wakianguka itakuwa bahati yao mbaya. Sheria imembebesha mzigo anayetoa usafiri na kumwachilia asiyetoa kitu. Wewe ungekuwa mdosi ungechagua lipi?

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: mwajiri hawezi kulipia kila ajali ya kila mtu anayerudi nyumbani. Nakubali, na siombi hivyo. Mtu akitoka kazini, akapitia keroro, akagonga mtu saa sita usiku, hilo ni lake. Lakini kusema mwajiri hana lolote analolidhibiti barabarani ni kujitia upofu. Yeye ndiye aliyepanga saa ya kuripoti. Yeye ndiye aliyepanga tageti. Yeye ndiye anayepiga simu saa moja usiku akitaka ripoti, na anajua kabisa kwamba anayepokea yuko juu ya pikipiki.

La pili: biashara ndogo zitafungwa, mwenye agrovet ya mlango mmoja Chwele atamlipaje mtu mamilioni? Hapo ndipo bima inapoingia. WIBA tayari inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kuongeza safari za kazini ni kuongeza malipo kidogo ya kila mwaka, yanayogawanywa kwa waajiri wengi. Tena tusijidanganye kwamba leo gharama hiyo hailipwi. Inalipwa. Inalipwa kwa harambee ya bili ya hospitali, kwa ng'ombe aliyeuzwa, kwa msichana aliyeacha shule Form Two ili amuuguze babake. Inalipwa pia na yule jamaa wa mikopo, ambaye bima yake ikiwa imeisha, pikipiki itapigwa mnada na kazi itaenda nayo, maana kazi ilitaka pikipiki.

Wengine wametutangulia. Ujerumani iliingiza ajali za njiani kwenye bima ya ajali za kazini mwaka 1925. Ufaransa ilifanya hivyo 1946. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi wanachama wa mkataba huo zieleze ni lini ajali ya njiani inahesabiwa kuwa ajali ya kazini. Mipango hiyo inamlinda zaidi mfanyakazi mwenyewe. Sisi tukitengeneza yetu, tumkumbuke pia yule aliyegongwa.

Ninachotaka ni kifupi, kinaweza kuingia kwenye ukurasa mmoja wa marekebisho ya sheria. Safari ya kwenda au kutoka kazini ihesabiwe kuwa ya kazi ikiwa lolote kati ya haya matatu lipo. Moja, chombo cha usafiri ni sharti la ajira. Mbili, mwajiri amepanga saa ambazo usafiri wa kawaida haupatikani. Tatu, mfanyakazi alikuwa na shughuli ya mwajiri njiani, ikiwemo simu ya bosi. Likithibitika hata moja, bima ya mwajiri imlipe mfanyakazi aliyeumia na imlipe aliyegongwa. Na rekodi za ujumbe na tageti ziwe jukumu la mwajiri kuzileta, kwa sababu ndiye anayezihifadhi.

Hadi hapo, tunazo silaha ndogo. Usifute ujumbe wa kazi unaokufikia baada ya saa za kazi. Ukitumwa kwa mteja, omba maagizo kwa maandishi, hata kama ni ya mstari mmoja. Na ukiitwa intavyu wiki ijayo na uulizwe kama una pikipiki, jibu, halafu nawe uliza: nikiwa barabarani kwa ajili yenu, bima ni ya nani? Mtu mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Wakiuliza kumi siku moja, HR itabidi atafute jibu.