Soma Ukingo Kabla ya Kuiita Nishani Bandia

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Silanga huko Kibera, alinijia na nishani iliyofungwa katika kitambaa. Ilikuwa mali ya jirani yake, nyanya mmoja wa Kinubi ambaye babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa amemwambia nyanya huyo kwamba nishani ni bandia, kisha akataja bei ya chuma chakavu. Nyanya hakuiuza, lakini tangu siku hiyo aliona haya kuionyesha.

Mnunuzi alitoa hoja mbili. Kwanza, nishani halisi ni ya fedha, na hii ni ya shaba. Pili, imeandikwa 1914–1919, ilhali kila mtoto wa shule anajua kwamba vita vilikoma 1918. Mwanafunzi wangu alikiri kwamba hoja ya pili ilimtikisa.

Hoja zote mbili hazina mashiko. Askari aliyepelekwa vitani na Waingereza aghalabu alistahili nishani mbili. Nishani ya Vita ilikuwa ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi pamoja na miaka 1914 na 1918. Nishani ya Ushindi ilikuwa ya shaba tangu ilipotoka kiwandani, yenye sura ya mwanamke mwenye mabawa, na nyuma yake imeandikwa 1914–1919, kwa kuwa mkataba wa amani na Ujerumani ulitiwa sahihi Versailles mnamo Juni 1919. Mnunuzi aliishutumu nishani kwa alama zile zile zinazoitetea. Kama alifanya hivyo kwa ujinga au kwa ujanja, sijui. Nina dhana yangu.

Sisemi kwamba bandia hazipo. Zipo, tena nyingi. Nakala iliyosubiwa katika kalibu hutoka na vitundu vidogo usoni, na huwa ndogo kidogo kuliko asili, maana madini hunywea yakipoa. Hila nyingine ni kuchukua nishani halisi ya mtu asiyetafutwa na wanunuzi, kulifuta jina lake kwa tupa, na kuchonga jina jingine. Hapo ndipo ukingo unapotoa ushahidi. Katika nishani hizo mbili, namba ya askari, cheo, jina na kikosi viligongwa ukingoni kwa mashine, herufi kwa herufi. Mahali palipopitishwa tupa huwa pembamba kuliko kwingine, na kipenyo, ambacho hapana budi kiwe milimita 36, hupungua.

Mimi ni mtu wa isimu, kwa hiyo jina ndilo lililonivutia zaidi. Karani wa jeshi aliandika alichosikia kwa sikio la Kiingereza. Jina kama Faraj Allah lingeweza kuunganishwa likawa neno moja, na j ikageuka g pale aliyelitamka alipofuata matamshi ya Kimisri. Mghushi wa leo huandika jina kama tunavyoliandika sisi leo, safi mno. Tahajia peke yake haithibitishi kitu, lakini jina lililonyooka kupita kiasi hunifanya nitafute kioo cha kukuzia.

Wajerumani nao wana mkasa kama huu. Kabla ya 1914 askari wao walipomaliza utumishi walinunua makopo ya bia yenye vifuniko, yaliyoandikwa majina yao na vikosi vyao. Leo ya kughushi yamejaa sokoni. Lakini huko anayedanganywa ni tajiri mwenye kabati la vioo. Kibera anayedanganywa ni mrithi.

Nishani si hati ya ardhi, na nisieleweke vibaya. Hata hivyo, wazee wa Kinubi walipewa makao Kibera kwa sababu ya utumishi huo. Mwaka 1918 eneo lililotengwa lilikuwa ekari 4,197. Hati waliyokabidhiwa wazao wao mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kwa watu ambao uraia wao wenyewe umewahi kutiliwa shaka, jina la babu lililogongwa na serikali katika shaba si pambo.

Walimu wa Silanga, Makina na Lindi wangeweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na daftari, wanakili maandishi ya ukingoni jinsi yalivyo, bila kusahihisha herufi hata moja. Na wawasihi wazee wasizisugue nishani kwa majivu, kwani kila msuguo hula herufi.

Tuliisoma ile ya nyanya karibu na dirisha. Jina halikuandikwa kama ukoo unavyoliandika. Mwanafunzi alipompelekea karatasi na kumsomea kwa sauti, nyanya alimtaka arudie, kisha akamsahihisha matamshi.