Masta wa tai chi walichapwa, lakini aliyewachapa ndiye alilipa

Sekunde kama 20 hivi. Hizo ndizo Xu Xiaodong, msee wa MMA, alihitaji kumlaza Wei Lei, masta wa tai chi, huko Chengdu, China, Aprili 2017. Vidio ikasambaa, China nzima ikachemka.

Na Wei Lei hakuwa msee wa kuokotwa tu mtaani. TV ya serikali ilikuwa imemwonyesha akiwa na njiwa kiganjani, eti nguvu zake zinamzuia ndege kuruka. Kulikuwa pia na tikiti maji: ndani limepondeka, ganda la nje liko fiti kabisa. Sisi tuliokulia kwa vibanda vya DJ Afro tungeimeza hiyo stori bila maji.

Lakini hapa kuna kitu wengi hawaoni. Masta kama hawa si lazima wawe matapeli. Kwenye darasa, mwanafunzi anamheshimu mwalimu kama mzazi. Mwalimu akimgusa kidogo, anaruka hatua tatu nyuma, hataki kumwaibisha mzee. Wenzake wakiona hivyo, nao wanaruka. Ipe miaka 20 ya hiyo mambo na mzee mwenyewe ataamini mikono yake ina stima. Hakuna siku hata moja amekutana na mtu ambaye hataki kuanguka.

Ma Baoguo alikutana naye Mei 2020. Akiwa na miaka 69, alipanda ulingoni na jamaa wa miaka kama 50, akaangushwa mara tatu ndani ya nusu dakika hivi. Badala ya kunyamaza, aliendelea kupiga domo mtandaoni hadi akageuka kichekesho cha taifa. Novemba mwaka huo gazeti la chama tawala, People's Daily, likamkemea, na vidio zake zikaanza kuondolewa.

Sasa, unafikiri Xu alipewa shukrani? Wapi! Chama cha wushu cha China kilisema pigano la Chengdu lilivunja maadili ya mchezo. Baadaye Xu akamwita Chen Xiaowang, jina kubwa sana kwa tai chi, tapeli. Chen akaenda kortini, akashinda. Xu akaamriwa kulipa fidia na kuomba msamaha hadharani, na 2019 akajikuta kwa orodha ya watu wasioruhusiwa kukata tiketi ya ndege wala treni ya kasi. Kumwita mtu tapeli bila ushahidi ni kesi, hata hapa Kenya. Ila ukiangalia hesabu yote, aliyeuliza maswali aliumia kuliko walioonyesha njiwa.

Serikali ya China ina sababu zake. Tai chi ni fahari ya taifa, chimbuko lake likitajwa kuwa kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, na Desemba 2020 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mtu akiichapa kwa kamera, wakubwa wanaona ni taifa limechapwa.

Cha kushangaza, tai chi haihitaji hizo hadithi. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 2012, ulifuata wagonjwa 195 wa Parkinson kwa wiki 24. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki walipata balansi bora kuliko waliobeba uzito au kunyoosha viungo tu, na walianguka mara chache kuliko hao wa kunyoosha viungo. Hiyo ni dawa tosha kwa shosh wako, bila njiwa. Inayodanganya ni ile ahadi kwamba mwendo huo wa polepole, bila kupigana na mtu anayekataa, utakuokoa ukikabwa ngeta.

Xu hakuacha. Baada ya kesi alipanda tena ulingoni uso umepakwa rangi, akitumia jina la Donggua, yaani aina ya boga. Mpinzani wake alichapwa vilevile.