Dawa Kupungua Nguvu Si Uteja

Mwandishi aliyedai juma lililopita kwamba mgonjwa wa ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, anayeona dawa yake imepungua nguvu ameshakuwa teja, amewakosea watu wengi. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jingine. Mraibu huisaka dawa hata inapomwangamiza.

Kuzoea kupo, sikatai. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya ubongo vya watu wazima 18 wenye ADHD, kabla na baada ya kutumia methilifenideti, dawa ya tatizo hilo, kwa miezi 12. Protini zinazoondoa dopamini kati ya seli ziliongezeka kwa asilimia 24. Huo ni ubongo unaojirekebisha, wala si tabia mbovu.

Tena si kila dawa iliyolegea imezoeleka. Mtoto hukua na kuongezeka uzito, usingizi hupungua, sonona huingia kimyakimya. Ndiyo maana daktari huuliza kwanza, kisha hubadili dozi au saa ya kumeza, humhamishia mgonjwa kwenye dawa za aina ya amfetamini, au hupanga mapumziko ya dawa.

Mgonjwa aliyetiwa aibu hunyamaza, akajiongezea vidonge au akaacha tiba. Hilo ndilo la kuogopwa. Aliyeona dawa imelegea na arudi kliniki bila kuona haya.