Msimbebeshe Mama Selimundu Peke Yake

Wasomaji wa Malindi na Kilifi, hoja kuhusu ugonjwa wa damu wa selimundu ninazozijibu hapa mmezisikia matangani na barazani. Nazichukua kama zinavyosemwa, kisha muamue wenyewe.

Inasemwa kwamba selimundu hutoka upande wa mama, na kwamba kosa la baba ni kuoa vibaya tu. Hoja hii imevunja ndoa, kwa hiyo tuikague. Mtoto hupokea nakala mbili za jeni inayoongoza utengenezaji wa himoglobini, moja kwa mama na moja kwa baba. Nakala moja ikiwa na hitilafu, mtoto ni mbebaji tu, na kwa kawaida ni mzima. Ugonjwa wa aina ya SS, ambao ndio ninaouzungumzia, hautokei mpaka nakala zote mbili ziwe na hitilafu. Basi mume anayemrudisha mke kwao kwa ajili ya mtoto huyo anabaki na nusu ya chanzo mwilini mwake. Akimwoa mbebaji mwingine, hatari ni ile ile.

Mara nyingi mdomo huo huo huongeza: wazazi wote wawili ni wazima, kwa hiyo huu si urithi, mtoto amerogwa. Ziwekeni hoja hizi mbili pamoja. Kama si urithi, mama hakuleta kitu. Kama mama ndiye aliyeuleta, basi ni urithi. Haziwezi kuwa kweli zote mbili, na ukweli ni kwamba zote mbili ni za uongo. Wabebaji wawili huwa wazima, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu wapo wazazi wanaoambiwa kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hesabu haiendi hivyo. Na ule uvimbe wa ghafla wa vidole vya mtoto mchanga, unaodaiwa kuwa dalili ya uchawi, una maelezo: seli nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo ya damu, na mishipa na mifupa huumia.

Wengine hulaumu ndoa za mabinamu. Hapo upo ukweli kiasi, maana binamu wawili waweza kurithi jeni moja kutoka kwa babu mmoja. Lakini Kilifi takriban mtu mmoja kati ya saba ni mbebaji, kwa hiyo watu wasio na undugu wowote hukutana na jeni hiyo kila siku. Anayemkwepa binamu akaoa Kisumu ameingia eneo jingine la malaria ambako jeni hiyo imejaa.

Dai kwamba selimundu hukinga malaria limesomwa nusu. Tafiti zilizofanywa Kilifi chini ya mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust zinaonyesha kwamba mbebaji hukingwa na malaria kali kwa takriban asilimia 90. Huyo ni mbebaji. Mgonjwa, ambaye damu yake tayari ni pungufu, anaweza kuuawa na malaria. Hata mbebaji asitupe chandarua: mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba kinga hiyo karibu hutoweka kwa aliyerithi pia nakala mbili za alfa-thalasemia, hali nyingine ya damu iliyoenea hapa pwani.

Limebaki lile linaloniudhi kuliko yote: kwamba mtoto mwenye selimundu hana maisha, asihangaikiwe. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto hawa hushambuliwa mno na bakteria wa damu, wakiongozwa na nimokoka. Kinga zipo: chanjo na penisilini. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi. Maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Anayemkatisha mama tamaa anamnyima mtoto dawa iliyojaribiwa hapa hapa kwao.

Pimeni damu baba na mama, wote wawili, na mtoto apimwe angali mchanga, kabla hajaanza kuugua.