Makande ya Shule na Waraka wa Serikali

Ndugu msomaji, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilipanda gari pale stendi ya Moshi kwenda kijijini, huko juu mlimani, kuhudhuria mkutano wa wazazi. Mimi ni mfanyakazi wa mjini kama walivyo wengi wenu, lakini mwanangu wa mwisho anakaa kwa bibi yake na kusoma katika shule ya msingi ya huko. Baridi ilikuwa kali, ukungu umefunika migomba, na manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Hata hivyo madawati yalijaa, na waliokosa nafasi walisimama kando ya ukuta wamejifunika makoti na khanga.

Jambo la kuzungumzwa lilikuwa moja tu: chakula cha mchana. Watoto wa shule ile huvuka makorongo mawili matatu kabla ya kengele ya asubuhi. Wako wanaotoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tumboni, na wako wasiotia kitu kabisa. Mwalimu wa darasa la nne alitueleza, bila ya kutia chumvi, kwamba ikifika saa sita anafundisha ukuta. Nusu ya watoto wamelaza vichwa juu ya madaftari. Kamati ya shule ikapendekeza kila mzazi alete debe moja la mahindi na kiasi cha maharage kwa muhula, pamoja na fedha kidogo ya chumvi, kuni na mpishi, ili watoto wapate makande.

Nilidhani mkutano ungekwisha kwa nusu saa. Mzee mmoja akainuka, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, hapa hakuna mzazi anayekataa mtoto wake asile. Lakini tulisikia redioni kwamba michango imekatazwa. Je, tunaruhusiwa, au kesho tutaambiwa tumevunja sheria?"

Mwalimu Mkuu alikaa kimya kidogo. "Mzee wangu," akajibu, "hapo ndipo ninapobanwa. Nikipokea debe la mtu kwa mkono wangu huu, na mzazi mmoja akalalamika, mimi ndiye nitakayeitwa wilayani kujieleza. Nisipopokea, watoto ndio hao mnaowaona."

Kabla hatujapata la kusema, mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Baba zangu na mama zangu, naomba mnisikilize na mimi. Shamba langu la tambarare mwaka huu halikutoa kitu. Mkipitisha debe, mimi sina. Je, siku hiyo wenzake wakila, mwanangu atasimama wapi?"

Ndugu msomaji, sauti hizo tatu hazijaniondoka. Mzee anataka kijiji kiamue mambo yake. Mwalimu anaogopa waraka. Na mama anaogopa uamuzi wa kijiji chenyewe. Kila mmoja wao ana haki, na hilo ndilo linaloufanya mjadala huu kuwa mgumu kuliko unavyodhaniwa.

Tuanze na waraka. Ada katika shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ulipokuwa ukiandaliwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002. Baadaye Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaagiza kwamba kuanzia Januari 2016 elimu iwe bila malipo hadi kidato cha nne. Mwezi Januari 2018, Rais John Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, akaelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke mchango huo kwa mkurugenzi wa halmashauri, wala mwalimu asiuguse.

Amri hiyo ilikuwa na sababu. Sote tunakumbuka miaka ambayo mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya mlinzi, ya mtihani, ya dawati, ya ukarabati. Maskini alikuwa akilipa kwa machozi ya mtoto wake. Kwa hiyo waraka ule ulikuwa ngao ya yule mama aliyekaa nyuma. Lakini ngao hiyo hiyo, ilipofika kwa mwalimu wa kijijini, iligeuka kuwa pingu, kwa sababu sufuria la makande nalo lilihesabiwa kuwa mchango. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Serikali yenyewe iliona tatizo hilo, ikatoa mwongozo wa taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, unaotambua kwamba wazazi na jamii wana wajibu wa kuwalisha watoto wao shuleni. Hata hivyo hofu haiondoki upesi kama inavyoingia. Mwalimu aliyekwisha kuonywa mara moja hasubiri kuonywa mara ya pili.

Mvutano huu baina ya kanuni ya nchi nzima na haja ya mahali si mgeni katika mlima wetu. Wazee wanaokumbuka miaka ya 1970 wanajua habari ya mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza. Wamisionari walifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafungua shule Kilema, Machame na kwingineko; kahawa nayo ikaleta fedha ya kusomeshea. Ilipofika Uhuru mwaka 1961, sehemu chache za nchi, kama vile Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, zilikuwa mbali mbele ya nyingine. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikutaka vijana wa sehemu chache washike ofisi zote za nchi. Ikazichukua shule za madhehebu chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, kisha ikagawa nafasi za sekondari kwa mikoa. Hivyo mtoto wa Kilimanjaro aliyepata alama nzuri aliweza kukosa nafasi, wakati mwenzake wa mkoa mwingine akachaguliwa kwa alama za chini.

Wazazi wa hapa walinung'unika sana. Lakini hawakuishia katika manung'uniko, walijenga. Makanisa, jumuiya ya wazazi na wananchi wa kata mbalimbali walichanga fedha na nguvu, wakasimamisha shule za sekondari zisizo za Serikali, na kuziandikisha kama ilivyotakiwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, shule za namna hiyo nchini zilikuwa karibu kulingana kwa idadi na zile za Serikali, na mkoa wetu ndio ulioongoza. Mtu akipita leo barabara ya Marangu, Kibosho au Rombo ataona matunda ya jasho hilo.

Basi je, hiyo si hoja ya kutosha ya kuwaachia wananchi wa kila mahali wajipangie? Ingekuwa hivyo kama hadithi ingekomea hapo. Shule zile zilijengwa na waliokuwa na kahawa ya kuuza. Mikoa isiyo na zao la fedha haikuweza kujenga kwa kasi ile, na pengo ambalo mgawo ulikusudia kulipunguza likafunguka upande mwingine. Hata hapa kwetu, mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, wazazi waliotegemea mibuni yao kulipa ada walijikuta mikono mitupu. Uhuru wa kujipangia ni mzuri kwa mwenye kitu mfukoni. Asiye na kitu huhitaji sheria ya kumlinda.

Wala tusidhani kwamba mvutano huu uko kwetu tu. Katika jimbo la Texas, Marekani, ilitungwa sheria mwaka 2015 inayoruhusu wilaya za shule kujiondoa katika baadhi ya masharti ya jimbo. Wilaya nyingi zilichagua jambo dogo na la maana: kufungua shule mapema kuliko tarehe iliyowekwa na jimbo. Lakini nyingine ziliutumia mlango huo huo kuajiri watu wasio na cheti cha ualimu. Mlango ulikuwa mmoja. Aliyeingia na kikapu aliingia, na aliyeingia na panga naye aliingia.

Sasa turudi mlimani. Wilaya ya Moshi Vijijini peke yake ina Kahe, kule tambarare kwenye joto na mashamba ya kumwagilia, na ina vijiji vya juu Kibosho na Uru ambako mtoto hutetemeka mwezi wa Julai. Ikifika Machi, mvua za masika zinapokaribia, familia nyingi za mlimani hushuka tambarare kulima na kupanda mahindi, na madarasa hupungua watoto. Msimu wa kuchuma kahawa nao una siku zake. Waraka mmoja na kalenda moja huzifikia sehemu hizi zote kana kwamba ni nyumba moja. Hapana budi kujiuliza: ni mambo gani yanayostahili kuwa mamoja kwa nchi nzima, na ni yapi yanayoweza kuachiwa kijiji?

Babu zetu walikwisha kulijibu swali kama hilo katika jambo la maji. Mifongo inayoleta maji vihambani hutoka katika mito ya mlima mmoja, lakini kila mfongo ulikuwa na wazee wake, na hao ndio waliopanga zamu: nani afungulie asubuhi, nani jioni, na siku gani watu wote watoke na majembe kuzibua. Wa mfongo huu hawakuamuliwa zamu na wa mfongo ule. Lakini mwenye kihamba cha juu hakuwa na ruhusa ya kuziba maji yasimfikie wa chini. Zamu ilikuwa ya wenyewe. Haki ya maji ilikuwa ya wote.

Kwa maoni yangu, shule nazo zapaswa kuongozwa hivyo. Haki ya mtoto kusoma bila ya kufukuzwa, masomo anayofundishwa, mtihani anaofanya na sifa za mwalimu wake, hayo yawe mamoja kutoka Rombo hadi Kigoma, na Serikali isilegeze kamba. Lakini watoto wale nini, nani apike, kengele ya asubuhi igongwe saa ngapi mahali penye baridi na makorongo, na likizo fupi iangukie wiki gani ya kilimo, hayo kamati ya shule na halmashauri zinaweza kuyapanga bila ya kusubiri barua kutoka mbali. Katiba yetu, katika ibara zake za 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kusema kwamba shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tangu mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilipovunjwa, hadi ziliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, tulijifunza kwamba wananchi wasiposhirikishwa katika uamuzi huchoka, na mwishowe huiona shule kuwa mali ya wengine.

Wala madaraka hayaji peke yake. Huja na hesabu. Kamati inayotaka kuaminiwa iandike kila debe lililoingia na kila kilo iliyopikwa, na karatasi hiyo ibandikwe mlangoni ambapo kila mzazi ataisoma. Fedha nyingi za wananchi zilizopotea nchini zilipotea mahali ambapo watu waliona haya kuuliza.

Huenda utapenda kujua mkutano wetu uliishaje. Tulibishana hadi saa nane. Mwishowe tukakubaliana kwamba mahindi yasipitie mikononi mwa walimu. Wazazi watano, wanawake watatu na wanaume wawili, watayapokea na kutunza ufunguo wa stoo. Mwenye mahindi atoe mahindi. Asiye nayo atoe kuni, au siku zake za kupika na kuchota maji, na jina lake liandikwe katika orodha hiyo hiyo, bila ya alama ya kumtenga. Hakuna mtoto atakayeondolewa kwenye sufuria kwa sababu ya mzazi wake. Muhtasari upelekwe kwa mtendaji wa kijiji, na nakala wilayani, ili Mwalimu Mkuu asije akasimama peke yake siku ya kuulizwa.

Yule mama wa nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha zamu ya kupika. Mzee wa kofia akamwambia, "Mwanangu, basi Jumatatu tutakula chakula chako." Watu wakacheka, na mkutano ukafungwa.

Nilipoteremka mjini jioni ile nilijiuliza ni wangapi miongoni mwetu sisi wafanyakazi, ambao watoto wetu wako huko juu kwa bibi zao, huhudhuria mikutano hiyo. Tunatuma fedha, tunanunua sare, kisha tunalalamika kwamba elimu imeshuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mzigo huu ni wetu. Muhula huu, ukiitwa, panda gari uende. Na kama huna debe, nenda na mikono yako.

Tukutane tena Jumapili ijayo.