Gari lipendeze, lakini ada kwanza

Hapana ubaya kijana kupenda gari. Tangu magari madogo yaliyokwishatumika Japani yalipoenea katika miji yetu, baadhi ya vijana wa vyuo wanaendesha Altezza, IST au Vitz ya baba, au ya kwao wenyewe waliyosaidiwa na ndugu. Kijana akishapata gari, nafsi haitulii: leo anataka rimu pana, kesho ekzosi yenye mngurumo, keshokutwa spika za besi.

Uislamu haukukataza mtu kupenda kizuri. Swali letu la Ijumaa hii ni jingine: fedha hiyo ni ya nani, na ilitolewa kwa kazi gani?

Mwanafunzi anayekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupewa fedha yenye makusudio yaliyotajwa: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Hilo aliitalo "bumu" ni deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi mpaka deni limalizike. Rimu aliyoinunua kwa fedha ya chakula itakuwa imekwishapinda zamani kwenye mashimo ya barabara, naye bado anailipia. Na anayesomeshwa na wazazi amebeba amana nzito zaidi. Huenda mama amepokea zamu yake ya upatu na kuipeleka yote chuoni.

Aya ya 67 ya Surat Al-Furqaan inasifu njia ya kati baina ya israfu na ubakhili. Njia hiyo inapatikana hata gerejini.

Kwanza, kijana atenge ada, chakula, nauli na vitabu vya muhula mzima kabla hajakanyaga duka la vipuri.

Pili, kinachobaki kianzie kwenye uhai: breki, matairi, mafuta ya injini, taa. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ubavuni mwa tairi hueleza umri wake. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu juu ya rimu inayong'aa ni hatari iliyopambwa. Vivyo hivyo kukata springi ili gari lishuke: ni rahisi kwa bei, lakini gari hupoteza uthabiti, na roho za abiria ni amana ya dereva.

Tatu, pambo liwe moja kwa muhula, kwa fedha ya jasho lake mwenyewe, si ya kukopa kwa rafiki. Wala ekzosi yake isiwe udhia kwa jirani aliyelala.

Nanyi wazazi, msiyabeze mapenzi haya. Kijana anayefungua injini kwa hamu ana kipaji. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa magari. Huenda kinachomtoa fedha leo kikamwingizia kesho.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya uzito wa deni. Tuwafundishe vijana wetu dua hiyo, kisha tukae nao tuhesabu fedha ya muhula pamoja, kalamu mkononi. Wabillahi tawfiq.